Mninga, mkurungu au jozi: mti gani urudishiwe bunduki ya kale?

Bunduki ya kijeshi ya zamani iliyopoteza mti wake, yaani sehemu yake ya mbao, na ambayo ni ya kutazamwa tu, si ya kufyatuliwa, hapa Tabora ichongewe mninga. Natanguliza jibu kwa sababu wengi wenye kazi ya namna hii wameshaambiwa kwamba bila mbao ya jozi (walnut) kutoka Ulaya hakuna uhalisia. Si kweli kwa kila bunduki. Zipo ambazo jozi ni lazima, ipo ambayo jozi ingekuwa kosa kabisa, na nyingi zilizobaki mninga unazitosha vizuri. Nitalinganisha mbao zinazopatikana, kisha aina za bunduki zenyewe, maana mbao nzuri kwa Lee-Enfield ya Waingereza yaweza kukushinda kwenye Mauser ya Wajerumani.

Mkoa huu umepitiwa na silaha za mataifa mengi. Askari wa jeshi la Wajerumani, wengi wao, waliingia Vita vya Kwanza vya Dunia wakiwa na Mauser ya mfano wa 1871, ya risasi ya milimita 11 na baruti yenye moshi mzito uliowaonyesha adui walipojificha. Wengine walikuwa na Mauser 98 mpya zaidi. Wanajeshi wa Force Publique kutoka Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 na Mauser zao za mfano wa 1889. Waingereza walileta Lee-Enfield. Chuma cha bunduki kama hizo hudumu. Mti ndio unaotangulia kufa: mchwa, bungua, mvua ya paa linalovuja, na mikono iliyoutia misumari ili usiachane.

Kabla ya patasi, kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uzee wa bunduki si kibali cha kumkabidhi seremala akalale nayo karakanani. Utaratibu ninaoushauri ni huu: mwenye kibali, au makumbusho yenye bunduki, afungue mti wa zamani na kumletea fundi vipande vya mti peke yake, pamoja na bamba la kitako na vikuku, zile pete za chuma zinazofunga mti na mtutu, kama vipo. Siku ya kupachika, fundi aende na mti kule bunduki iliko, mbele ya mwenye dhamana. Kazi itachelewa kidogo, lakini kila mtu atalala kwa amani.

Uhalisia uko wapi

Watu hutazama aina ya mti kwanza. Mimi naiweka ya mwisho. Kitako cha jozi safi kilichochongwa kwa kukisia kiko mbali na bunduki ya asili kuliko kitako cha mninga kilichofuata vipimo hadi milimita. Umbo linakuja kwanza, kisha jinsi chuma kinavyokaa ndani ya mti, kisha mafuta ya juu, na aina ya mti baada ya hayo yote.

Na si mimi niliyeanza kusema hivyo. Viwanda vya silaha vyenyewe vilibadili miti kila vilipobanwa. Wajerumani walitumia jozi miaka mingi, lakini ilipoadimika katikati ya Vita vya Kwanza wakaingiza mbuki, ambao ni mti wa kawaida wa misitu ya Ulaya. Kuelekea Vita vya Pili wakatengeneza vitako vya tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Kiwanda cha Lithgow kule Australia kilitengeneza Lee-Enfield kwa miti ya kwao, na kwa kuwa ilikuwa laini kuliko jozi, wakaweka vibamba vya shaba mahali chuma kinapousukuma mti bunduki inapolia. Mti wa nchi husika, ukitumiwa kwa akili, una heshima yake katika historia ya bunduki hizi.

Jozi ilipendwa kwa sababu za kazi: ni nyepesi kiasi, haipasuki ovyo, inachongeka bila kuvunja kingo nyembamba, na ikishakauka haichezi sana. Mti wowote utakaoshika nafasi yake upimwe kwa sifa hizo hizo. Kwa huku kwetu naongeza moja ambayo Wazungu hawakuihitaji sana: mti usiliwe na mchwa.

Mbao kwa mbao

Mninga ndio nitakaouzungumzia zaidi, kwa sababu uko mlangoni petu. Misitu ya miombo ya Urambo, Kaliua na Sikonge ndiyo nyumba yake. Uzito wake ukikauka ni karibu kilo 600 hadi 650 kwa mita moja ya ujazo, na jozi ya Ulaya iko kwenye 640 hivi. Maana yake bunduki itakuwa na uzito ule ule mkononi, na hilo si dogo: mtu aliyewahi kubeba ya asili ataijua nakala nzito kabla hajaitazama.

Sifa kubwa zaidi ya mninga ni kutulia kwake. Mbao zote husinyaa zikikauka na kuvimba zikipata unyevu. Mbuki ukitoka ubichi hadi kukauka kabisa hupoteza takriban asilimia 12 ya upana wake kwenye upande unaosinyaa zaidi, jozi karibu asilimia 8, na mninga chini ya 5. Hapa Tabora, ambako mvua hukatika kuelekea Mei na hewa ya Agosti na Septemba ikawa kavu hadi milango inalegea kwenye fremu, tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Kigoma ni jambo jingine, kwa sababu ziwa liko pale pale. Kitako kilichokaushwa na kupachikwa Ujiji kikapandishwa treni kuja Tabora kiangazi, kama ni cha mbuki, kitaacha mwanya kuzunguka bamba la chuma. Cha mninga kitasogea kidogo sana.

Kiini cha mninga mchwa hawaupendi. Weupe wa nje ni chakula chao na cha bungua pia, kwa hiyo ukiona ubao wenye ukingo mweupe, hesabu ule mweupe kama haupo. Usikubali kuambiwa kwamba rangi itauficha.

Ubaya wake ni wa aina mbili. Nyuzi za mninga mara nyingine hupishana, tabaka moja likilalia huku na jingine kule, na randa ikipita inanyofoa. Hapo kwangua kwa kipande cha chuma chenye ukingo mkali badala ya kulazimisha randa. La pili ni vumbi: linawasha pua na ngozi, na lina historia ya kuleta pumu kwa mafundi. Funika pua na mdomo kwa kitambaa au barakoa kila unapopiga msasa, na ufanyie kazi hiyo nje.

Mkurungu ni ndugu wa mninga, na Kigoma watu wanaufahamu vizuri. Kwa kawaida ni mgumu na mzito zaidi, na wekundu wake ni mkali. Kwa samani unapendeza sana. Kwa bunduki siupendekezi, isipokuwa kwa vipande vidogo vya kuziba mahali palipomeguka kwenye mti mwekundu. Wekundu ule hauna wa kufanana nao kwenye bunduki yoyote ya Ulaya niliyoitaja, na ukijaribu kuuzima kwa rangi ya kahawia unapata rangi ya matope. Tena mti huu umekatwa kupita kiasi kwa ajili ya soko la nje, hata ukaingizwa mwaka 2019 kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2022 ikaamuliwa kwamba miti ya jamii hiyo barani Afrika, mninga ukiwemo, iingie pia. Kwa kazi inayobaki nchini unachohitaji ni mbao yenye stakabadhi halali za Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa kazi itakayovuka mpaka, kibali cha CITES kitafutwe mapema.

Mkongo ni imara na unavumilia, ila una karibu kilo 800 kwa mita ya ujazo. Kipande ambacho kwa jozi kingekuwa na kilo moja, kwa mkongo kinafika kilo moja na robo. Mpingo usiuwaze, kipande hicho hicho kingekaribia kilo mbili, na patasi zako zingelia. Mtundu unapatikana kila mahali na ni rahisi, lakini unajipinda. Uache.

Msaji wa mashamba ya Longuza au Mtibwa unanivutia kwa rangi, maana ukizeeka unakaribia kahawia ya jozi kuliko mbao nyingine zote nilizotaja, nao hautembei sana. Ila una chembe kama za mchanga ndani zinazoua makali, una mafuta yanayoikataa gundi, na kingo zake nyembamba humeguka. Kwa kitako cha nyuma, ambacho ni kinene, unafaa. Kwa mbao nyembamba inayofunika mtutu kwa juu, utalia.

Jozi yenyewe inaagizwa ama ikiwa gogo lililopasuliwa, ama kitako kilichochongwa nusu, ama kitako cha zamani kilichotolewa kwenye bunduki nyingine. Hicho cha mwisho ndicho halisi kuliko vyote, na ndicho chenye mitego mingi. Mti uliokaa na mafuta ya bunduki miongo kadhaa hulainika pale chuma kinapokaa, na picha ya muuzaji haikuonyeshi ulaini. Omba picha ya ndani, ya sehemu iliyokaribiana na chemba, si ya nje tu. Kumbuka pia kwamba sehemu ya silaha, hata ikiwa mti mtupu, si bidhaa ya kuagiza kimyakimya. Uliza polisi na forodha kabla hujalipa.

Lee-Enfield au Mauser?

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa kweli.

Lee-Enfield ya mfano wa Mark III ya mwaka 1907 ina mti wa vipande: kitako cha nyuma peke yake, mti mrefu wa mbele peke yake, na vifuniko viwili vya mtutu juu. Kwa fundi wa hapa hiyo ni neema. Kitako cha nyuma kinatoka kwenye kipande kifupi, na unaweza kuchagua mahali penye nyuzi zilizonyooka bila kutafuta ubao mrefu. Tena Waingereza walitoa vitako vya urefu tofauti kulingana na mikono ya askari, vikipishana nusu inchi, kwa hiyo pima cha zamani kabla hujakubali kwamba nakala uliyoletewa ni sahihi.

Mti wa mbele wa Lee-Enfield ndio mtihani. Nyuma yake, pale unapokutana na chuma, kuna nyuso mbili ndogo zinazobeba kishindo chote. Zikigusa upande mmoja tu, mti hupasuka katikati. Fundi hupaka masizi ya kibatari kwenye chuma, hupachika mti taratibu, huutoa, na kutazama meusi yalipobaki. Penye doa hukwangua kidogo mno, kama unga. Kisha anarudia. Lengo ni madoa yatokee kushoto na kulia kwa wakati mmoja, na kwa ukubwa unaolingana. Mkono wenye haraka huondoa mti mwingi upande mmoja na kazi ya wiki inakuwa kuni. Hata kwa bunduki isiyolia tena, fanya hivyo, kwa sababu skrubu zikikazwa juu ya mti usiokaa sawa zitaupasua zenyewe polepole.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hawalijui, na limeua miti mingi ya asili: kwenye bunduki hii usianze kufungua bolti ndefu ya kitako cha nyuma kabla ya kuondoa mti wa mbele. Ncha ya bolti ile ina pembe nne, nayo huingia kwenye kibamba kilichomo ndani ya mti wa mbele. Ukiizungusha mti ukiwa bado umefungwa, inauvunja kutoka ndani. Toa wa mbele kwanza.

Angalia pia mwaka. Mark III ya mwanzo ina nafasi iliyochongwa ubavuni kwa ajili ya kifaa cha kulengea mbali. Ile iliyorahisishwa vitani, yenye alama ya nyota baada ya namba III, iliachana na kifaa hicho. Ukinakili mti wa moja kwa ajili ya chuma cha nyingine, mtaalamu atakuuliza swali ambalo hutaweza kulijibu.

Mauser 98 ni shughuli nyingine. Mti wake ni mmoja kutoka begani hadi karibu na mdomo wa mtutu, na bunduki nzima ina milimita 1,250. Unahitaji ubao wa zaidi ya futi nne usio na fundo wala nyuzi zinazotoka nje kwenye shingo, ile sehemu nyembamba ambayo kiganja hushika. Nyuzi zikikatiza shingo kwa mshazari, itavunjika hapo hata kwa kuanguka kutoka kwenye meza. Ubao wa mbili kwa sita wa dukani ukishapigwa randa haubaki inchi mbili kamili, na kitako kitatoka chembamba. Tafuta wa inchi mbili na nusu au tatu, uliokaa kivulini hadi ukakauka wenyewe. Mninga wa namna hiyo upo, lakini unatafutwa. Ukikosekana, kwa Mauser nakubali kitako cha jozi kilichochongwa nusu kiagizwe.

Mauser ya 1871 ina milimita 1,345, mti wake nao ni mmoja. Shida ni ile ile, na zaidi kidogo.

Basi hesabu inakuwa hivi. Lee-Enfield ya maonyesho: mninga, bila wasiwasi. Mauser 98 ya maonyesho: mninga ukipata ubao wa kweli, la sivyo jozi. Bunduki yoyote ambayo ina namba zinazolingana na kumbukumbu za kikosi, na itakayotazamwa na wataalamu kama kielelezo cha historia: usichonge kipya kabisa kama robo tatu ya mti wa asili ipo. Unga kwa jozi, ziba palipoliwa, mengine yaache na makovu yake. Mikwaruzo ya askari wa 1916 haina fundi wa kuirudisha.

Na gobore? Hiyo ndiyo niliyosema jozi ingekuwa kosa. Magobore ya mafundi wa kijiji yalichongewa miti ya huku tangu mwanzo. Ukilipa gobore la Unyamwezi kitako cha jozi umelivua asili yake. Tazama mabaki ya mti uliokuwepo, ujue ni mti gani, uchonge wa namna ile ile hata kama seremala mjini atakwambia si mbao ya maana.

Mkono au mashine

Zile mashine za kompyuta zinazochonga milango siku hizi zinafanya kazi safi juu ya uso bapa. Zitakukatia umbo la ubavuni na kukupunguzia msumeno. Ndani, kwenye vyumba vya chuma na mfereji wa mtutu, bado ni patasi, tupa na masizi. Ukipewa bei ya mashine peke yake kwa kazi nzima, uliza nani atapachika.

Kama mti wa zamani upo ingawa umevunjika, gundisha vipande vyake kwa muda na uufanye kiolezo. Kama haupo kabisa, usinakili kutoka kwenye picha. Makumbusho yenye bunduki ya aina hiyo yakiombwa kwa barua huweza kuruhusu kupima.

Mafuta, si vanishi

Vanishi ya kung'aa ndiyo inayoharibu kazi nyingi nzuri. Bunduki za kijeshi za enzi hiyo zilipakwa mafuta ya kitani, yakaingia ndani ya mti na kuacha mng'ao wa chini. Paka kidogo, sugua kwa kiganja hadi kipate moto, futa yaliyobaki, acha yakauke, rudia. Mabichi hukauka polepole sana. Yaliyochemshwa huenda haraka. Mninga uliopakwa mafuta ya kitani huwa wa dhahabu iliyokolea yenye michirizi ya giza, na ukitaka uelekee kahawia jaribu rangi kwenye kipande kilichobaki, kamwe si kwenye kitako chenyewe. Juu ya mafuta yaliyokauka, nta ya nyuki wa hapa Tabora, iliyochujwa vizuri, haina mpinzani.

Matambara yaliyoloa mafuta ya kitani yasirundikwe. Yanajipasha moto yenyewe na kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji.

Mwisho wa kazi, kabla bamba la kitako halijafungwa, chapa kwa chuma cha moto kwenye mti uliofichwa chini yake: mwaka ulipochongwa, aina ya mbao, na neno NAKALA. Vipande vya zamani, hata vilivyoliwa na mchwa, viwekwe kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na karatasi ya vipimo na vikae kule bunduki inakokaa, ili atakayeifungua baadaye ajue kipi ni cha wakati ule na kipi ni chetu.